Kiti cha mwindaji juu ya mti

Katika vijiji vyetu hakuna mtoto asiyeujua ulingo. Mpunga au mtama ukianza kukomaa, baba husimika miti minne shambani, hulaza fito juu yake, huezeka nyasi kidogo, na hapo mlinzi hukaa tangu alfajiri akifukuza ndege na ngedere. Mwenye akili huujenga ulingo wake vizuri, wala hakuna anayemcheka. Sote twajua kwamba mlinzi anayeumwa na mgongo hushuka mapema, na mlinzi akishuka, ndege hushuka pia.

Leo tutazungumza juu ya ulingo wa namna nyingine, ule wautumiao wawindaji wa Marekani. Mtauliza: habari za Marekani zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu hii. Katika miaka ya karibuni jamaa nyingi za Kongo zilizokimbia vita, hasa za Kivu, zimepokelewa Marekani, zikapata makao katika majimbo kama Kentucky, Ohio, Michigan na Iowa. Wababa na vijana wetu hufanya kazi huko pamoja na wenyeji. Mwezi wa Novemba unapofika, wengi wa wenyeji hao hawana neno lingine kinywani ila kulungu, na mara nyingine humwalika mwenzao wa kazini aende nao msituni. Basi mtu aliyezaliwa Fizi au Masisi aweza kujikuta dukani, mbele ya ukuta uliojaa viti vya chuma vya kutundikwa mitini, asijue achague kipi.

Yampasa achague vizuri. Kila mwaka huko Marekani wako wawindaji wanaovunjika uti wa mgongo, na wako wanaokufa, si kwa risasi wala kwa mnyama, bali kwa kuanguka kutoka mtini. Baba aliyetoka asubuhi na afya yake hurudi amebebwa, na tangu siku ile hatembei tena. Ndiyo maana twataka kusema neno moja, nalo ni hili: starehe ya kiti cha juu ya mti si anasa, ni sehemu ya usalama. Mtu anayeumia hawezi kutulia. Asiyetulia humfukuza mnyama. Tena, kwa urefu ule, asiyetulia aweza kuyapoteza maisha yake.

Kwa nini wanakaa kutwa nzima

Mnyama wanayemngojea si kulungu wa kwetu hasa. Dume lake lina pembe zenye matawi, ambazo huanguka kila mwaka na kuota tena. Mkia wake ni mweupe upande wa chini, na akishtuka huuinua kama bendera akikimbia. Twamwita kulungu kwa kukosa jina lililo karibu zaidi. Kwa desturi mnyama huyu hutembea alfajiri na jioni, na mchana hulala kichakani akicheua. Mwindaji wa siku za kawaida hukaa saa mbili au tatu asubuhi, hurudi nyumbani kula, kisha huenda tena jioni.

Lakini katika sehemu nyingi za kaskazini mwa nchi ile, mwezi wa Novemba ndio wakati wa kupandana. Hapo madume huacha desturi zao. Huzunguka kutafuta majike saa zozote, hata jua likiwa utosini, na dume kubwa ambalo halikuonekana mwaka mzima laweza kupita chini ya mti saa sita ya mchana. Tena wawindaji wengine wakirudi kwenda kula, nyayo zao huwatikisa wanyama kutoka walikojificha. Aliyebaki mtini ndiye aonaye. Hivyo mwenye subira hupanda kabla ya mapambazuko na kushuka giza linapoingia, yaani karibu saa kumi na moja za kukaa mahali padogo kuliko meza ya chakula, katika baridi inayoweza kugandisha maji.

Na kwa nini mtini? Mnyama huyu ana pua kali sana, na macho yake huona upesi kila kinachotikisika. Aliye juu, harufu yake huchukuliwa na upepo juu ya ardhi, ingawa si siku zote; naye huona mbali kuliko aliye chini. Iko faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: mshale au risasi itokayo juu huelekea ardhini, na ardhi huizuia isiende kumpata mtu aliye mbali.

Kungojea juu ya mti si uvumbuzi wa Wamarekani. Nchini India wawindaji tangu zamani hufunga mtini kitanda cha kamba, nacho hukiita machan. Mwingereza Jim Corbett, aliyezaliwa India mwaka 1875 na kufariki Nyeri, nchini Kenya, mwaka 1955, alijulikana kwa kuwaua chui na simba marara waliokula watu. Chui mmoja wa Rudraprayag alikuwa amewaua watu zaidi ya 100 katika muda wa miaka minane. Corbett alimngojea usiku baada ya usiku juu ya mwembe ulio kando ya njia ya mahujaji, hata mwaka 1926 akamwua. Angalieni basi jambo hili: watu wa India hawakupandisha mtini gogo la kukalia, walipandisha kitanda. Walijua kwamba mwili usiopumzika hauwezi kunyamaza.

Aina za ulingo zinazouzwa

Katika maduka ya Marekani ziko aina tatu kubwa. Ya kwanza ni ngazi ndefu yenye kiti juu yake. Huegemezwa mtini na kufungwa. Ni rahisi kupanda, lakini ni nzito, nayo haihamishwi kila siku. Ya pili ni kiti cha kupandia, chenye vipande viwili, ambavyo mwindaji huvisukuma juu mmoja baada ya mwingine mpaka afike. Chafaa mahali penye miti iliyonyooka isiyo na matawi chini. Ya tatu ni ulingo wa kutundikwa, na huo ndio tunaouzungumzia leo.

Ulingo wa kutundikwa una sehemu nne: jukwaa la kukanyagia, kiti kidogo kilicho juu yake, mhimili unaoviunga pamoja na kugusa mti, na mkanda au mnyororo unaozunguka shina. Haujipandi wenyewe, mtu hupanda kwa vipandio au kwa ngazi fupi fupi zifungwazo mtini moja juu ya nyingine. Sifa yake ni kwamba wafaa karibu kila mti, hata wenye matawi, ambayo humficha mwindaji. Kasoro yake ni kwamba watu wengi huununua kwa kutazama uzito na bei tu, wakasahau kutazama kiti.

Kiti chenyewe

Tuanze na urefu wa kiti kutoka jukwaani, maana hapo ndipo wengi hupotea. Ulingo mwepesi wa kubebwa mbali mara nyingi huwa na kiti cha sentimeta 40 hivi, au zaidi kidogo. Mtu mzima aliyevaa viatu vizito akikaa hapo, magoti yake hupanda juu, uzito wote hukaa juu ya mfupa wa mkia, na baada ya saa mbili kiuno huanza kulia. Kiti kikiwa juu mno, ukingo wake hubana mapaja, damu haipiti vema, na miguu hufa ganzi. Kwa watu wengi kimo cha sentimeta 50 hadi 55 ndicho kifaacho. Lakini usiamini kipimo cha mwingine. Vaa viatu vyako vya baridi, kaa, utazame: goti lifanye pembe mraba, na nyayo zote mbili zikanyage jukwaa bila kujinyosha.

Hiyo ganzi ya miguu si jambo dogo. Chini, nyumbani, ukisimama na mguu uliokufa ganzi wapepesuka, watoto wanacheka, basi. Juu ya mti, kwa urefu wa meta 5 au 6, mwindaji akisikia majani yakivunjika husimama ghafula kuchukua upinde, na mguu usiosikia hukanyaga mahali pasipo na kitu. Hapo ndipo kiti kibaya kinakuwa adui.

Baada ya urefu, tazama kitako chenyewe. Ziko namna mbili kubwa. Moja ni takia la sponji juu ya bamba la chuma. Ni laini siku ya kwanza, nalo huzuia baridi ya chuma; lakini likinyeshewa hunywa maji, na ukilikalia waketi katika bwawa. Tena huko kuna kindi wengi, nao hulitafuna. Nyingine ni kitambaa cha wavu kilichotandazwa kati ya fremu, kama kiti cha uvivu cha barazani. Hiki hufuata umbo la mwili, hakishiki maji, na kwa kukaa kutwa watu wengi hukipenda zaidi. Kasoro yake ni upepo wa baridi unaopita chini. Dawa yake ni kipande cha blanketi. Katika namna zote mbili, pitisha mkono wako kwenye ukingo wa mbele. Ukiwa mkali, utakukata mapaja kabla ya saa sita.

Kiti kiwe kipana cha kutosha kwa nguo za Novemba, si kwa nguo ulizovaa dukani. Egemeo la mgongo ni jambo jema. Pasipo egemeo, shina la mti litafanya kazi hiyo, na magamba yake hayana huruma, basi tafuta takia la kufunga nyuma. Mikono ya kiti humpumzisha mwenye bunduki, lakini kwa mwenye upinde huzuia upinde kuvutwa. Mwisho, kiti kiweze kukunjwa juu kikalala kwenye mti. Mwindaji akisimama kunyosha viungo, aegemee shina na miguu yake ipate jukwaa lote. Mtu hawezi kukaa saa kumi na moja bila kusimama. Asimame kila baada ya muda, polepole, kabla mwili haujamlazimisha.

Jukwaa la miguu

Jukwaa dogo hufanya miguu ibaki mahali pamoja kama ya mfungwa. Kwa kukaa kutwa, jukwaa lenye upana wa sentimeta 60 na urefu wa sentimeta 75, au kuzidi, humpa mtu nafasi ya kunyosha mguu mmoja na kugeuka bila kutafuta ukingo kwa kisigino. Wengine huuza jukwaa lenye mahali pa kuwekea miguu mbele. Ni neema kwa magoti. Chuma kisiwe laini kama sahani, maana barafu na umande hukitelezesha. Wako wanaotandika kipande cha zulia: huzuia baridi isipande nyayoni, na huzuia kelele za viatu. Lakini kifungwe imara, kisije kikateleza pamoja na mtu.

Juu ya kelele, sikilizeni kiti kabla ya kukinunua. Kikunje, kikunjue, kaa, geuka kushoto na kuume. Kikilia dukani, kitalia zaidi katika baridi, na mlio wa chuma msituni ni kama kengele kwa mnyama. Maungo hutiwa nyuzi za nailoni au bamba la plastiki lizuialo chuma kusugua chuma.

Uzito wa mtu na uzito wa mzigo

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo haipendi mzaha. Ulingo mwingi huko huandikwa kwamba wabeba ratili 300, yaani kilo 136. Watu husoma, husema "mimi nina kilo 105 tu," wakaridhika. Lakini ulingo haubebi mwili peke yake. Ongezeni nguo na viatu vya baridi kilo 8, mfuko wa chakula, maji na vyombo kilo 7, bunduki kilo 4, tumefika 124. Mtu akikaa kwa kishindo au kuruka kutoka kwenye kipandio, nguvu ya kishindo chake huzidi uzito huo. Mtu mkubwa atafute ulingo ulioandikwa uzito zaidi, wala asione haya.

Iko hesabu nyingine, ya mgongo utakaoubeba ulingo. Ulingo mdogo wa alumini huwa na kilo 4 au 5. Mkubwa wa chuma, wenye jukwaa pana, hupita kilo 8, hata 10. Basi jiulize: nitauacha mahali pamoja majira yote, au nitaubeba kila siku? Mwenye shamba la rafiki, ambapo ulingo hubaki mtini kwa majuma, hana sababu ya kununua kiti chembamba kwa ajili ya wepesi. Achukue kikubwa chenye starehe. Mwenye kuwinda katika misitu ya serikali, ambako mahali pengine sheria yataka ulingo uondolewe, atahitaji mwepesi zaidi, lakini asipunguze kimo cha kiti. Afadhali kubeba kilo 2 zaidi kwa nusu saa kuliko kuumia kwa saa kumi.

Kabla ya kwenda nao msituni, fanyeni jambo ambalo wachache hulifanya. Tundikeni ulingo kwenye mti wa nyumbani, jukwaa likiwa kimo cha goti tu kutoka chini. Vaeni nguo zote za kuwindia, mkae saa mbili bila kushuka. Mwili utasema wenyewe kasoro iko wapi, na somo hilo halitamvunja mtu mfupa.

Mti na vipandio

Ulingo mzuri juu ya mti mbaya ni mtego. Mti uwe hai, imara, wenye unene ulioandikwa na mtengenezaji; wengi huandika kuanzia sentimeta 23 hadi 50 hivi. Mti mkavu usiguswe, hata ukisimama mahali pazuri kuliko pote. Mti ukiegemea kidogo, ulingo wenye skrubu za kusawazisha waweza kunyooshwa, lakini aliyeegemea mbele kutwa nzima hulipa kwa magoti. Katika misitu mingi ya serikali ni marufuku kupigilia misumari au kusokota vipandio vya chuma ndani ya shina. Hutumiwa ngazi za kufungwa kwa mikanda. Mgeni aulize sheria za jimbo lake mapema, pamoja na leseni na mafunzo ya wawindaji ambayo majimbo mengi huyadai. Hatuandiki haya ili kumtuma mtu msituni bila ruhusa.

Wengi wanaoanguka hawaanguki wakiwa wameketi. Huanguka wakipanda, wakishuka, au wakivuka kutoka vipandioni kwenda jukwaani. Kwa hiyo kipandio cha mwisho kiwe juu kuliko jukwaa, ili mtu ashuke juu ya jukwaa badala ya kujivuta apande. Siku zote viungo vitatu vishike: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Bunduki haipandi na mtu. Hubaki chini bila risasi, kisha huvutwa kwa kamba baada ya mwenyewe kukaa na kujifunga, mdomo wake ukielekea chini. Upinde na mfuko huvutwa vivyo hivyo.

Kila mwaka, kabla ya majira kuanza, mikanda yote itazamwe. Jua huila, kindi huitafuna, na mti wenyewe hukua ukaivuta mpaka ikatike. Mkanda uliofifia rangi au kupasuka hautiwi viraka, hutupwa. Ulingo wa zamani usio na maandishi ya uzito, ulionunuliwa kwa jirani kwa bei rahisi, na ule wa mbao zilizopigiliwa na mtu asiyejulikana, usiukanyage. Rahisi huwa ghali.

Mikanda ya mwili

Mgema wetu apandaye mchikichi huzungusha ukanda kiunoni mwake na kwenye shina, naye hajioni mwoga kwa kufanya hivyo. Mwindaji pia lazima afungwe, lakini ukanda wa kiuno peke yake haumfai. Mgema huwa macho na miguu yake hukaza mti. Mwindaji huketi saa nyingi, na kiti kizuri humletea usingizi. Akianguka na ukanda wa kiuno au wa kifua, ukanda humkaba pumzi. Lazima avae mikanda ya mwili mzima, ipitayo mabegani, kifuani na mapajani. Watengenezaji walio katika chama chao, kiitwacho Treestand Manufacturers Association, huuza mikanda hiyo pamoja na ulingo. Asiyeikuta katika sanduku aulize kwa nini.

Kamba iunganishayo mikanda na mti ifungwe juu ya kichwa, nayo isilegee mtu anapoketi. Ikilegea, mtu huanguka kwanza kabla ya kushikwa, na kishindo chaweza kumwumiza. Vema zaidi ni kuwa na kamba ndefu kutoka juu ya ulingo hadi chini ya mti, yenye fundo linalosukumwa kwa mkono na kujikaza likivutwa ghafula. Fundo hilo huitwa Prusik, kwa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik. Kwa namna hii mwindaji amefungwa tangu mguu unapoacha ardhi mpaka unapoigusa tena, wala hakuna dakika moja ya bahati nasibu.

Tena ajue kwamba kushikwa na mikanda si mwisho wa hatari. Mtu akining'inia bila kutikisika, damu hukusanyika miguuni, moyo hupungukiwa, naye aweza kuzimia, hata kufa, kabla ya saa moja kupita. Awe na ukanda mfupi wenye kitanzi cha kukanyagia, asukume kwa miguu yake ili damu ipande, na ajitahidi kurudi kwenye vipandio mara moja. Mambo haya hujaribiwa karibu na ardhi, mbele ya mwenzake, mchana mweupe, si siku ya ajali.

Neno kwa walio nyumbani

Wamama nao wana sehemu yao, ingawa hawapandi. Kabla mume au mwana hajatoka, bibi wa nyumba amwulize mambo matatu: mti wako uko wapi, unakaa hapo mpaka saa ngapi, na nani mwingine anapajua? Majibu yaandikwe kwenye karatasi na kuachwa mezani. Simu na filimbi vikae mwilini mwake, si katika mfuko uliotundikwa kwenye tawi, kwa maana anayening'inia haufikii mfuko. Saa aliyoitaja ikipita, watu wasione haya kwenda kumtafuta. Wahenga walisema: aliye juu mngoje chini. Jamaa yake inamngoja, naye akumbuke hivyo anapochagua mahali pa kukaa.

Na sisi tuliobaki huku tusifikiri kwamba maneno haya ni ya Marekani tu. Wako wanetu wapandao michikichi, wako warinao asali katika miti mirefu ya Ituri, wako walinzi wa mashamba walalao juu ya ulingo wa fito zilizoliwa na mchwa. Kanuni ni moja. Fito zijaribiwe kabla ya kukanyagwa, kamba ya mwaka jana isiaminiwe, mtoto asipande kabla mkubwa hajatazama, na mahali pa kukaa pafanywe pazuri ili akaaye awe na akili timamu mpaka saa ya kushuka. Anayejiandalia mahali pema pa kungojea hajidekezi. Anawaheshimu wale wanaomngojea.